Sauti Baada ya Wakwe

"Mutu akikukosea na yeye mwenyewe hajui, kosa inakaa kwa nani?" Mama Mwamini aliniuliza hivyo huku anachambua mchele, macho kwenye ungo, na mimi niliyekuwa nimerudi kutoka chuo kikuu kule Kindu nikiwa na jibu la kila kitu nilibaki kwenye kigoda nikitazama vidole vyake vikiokota vijiwe. Nilisema kitu, maana mwaka ule sikuwa najua kunyamaza. Nadhani nilisema inategemea. Akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Inategemea! Ndiyo wanawafundisha kule?" Akapeperusha makapi, kuku wakayakimbilia, na swali likabaki pale uani bila mwenyewe. Sasa Mama Mwamini amefariki. Nilipata habari nikiwa Bukavu, kazini, na nilipofika Kasongo siku za kilio zilikuwa zimepita, lakini mikeka ilikuwa bado imetandikwa na watu bado walikuwa wanakuja kutoa pole. Nilikaa karibu na mlango wa jiko, mahali pangu pa zamani, na mwaka ule ukanirudia kwa harufu zake: mawese yanayochemka, spiriti ya kusafishia, na plastiki ya kaseti iliyopata joto.

Ulikuwa mwaka wa kungoja. Nilikuwa nimesomea historia, na shule zote nilizoomba kazi ziliniambia nirudi mwezi ujao, mwezi ambao haukuwa na mwisho. Maktaba ya mji, ambayo kila mtu aliiita biblioteki, ilikuwa duka la zamani lenye kaunta ndefu ya mbao. Juu ya bati palikuwa na pano za umeme wa jua. Ndani palikuwa na vitabu vya shule, Kurani, Biblia, na kamusi kubwa ya Kifaransa iliyoliwa na mchwa kuanzia herufi A, hivyo Sumaili, mwenzangu wa kazi, alikuwa akisema mji wetu umejaliwa kujua maneno kuanzia katikati. Mkuu wa maktaba alikuwa amepata skana, ordinateri moja, yaani kompyuta, na mashine ya kaseti iliyounganishwa nayo kwa waya. Akatangaza kwenye redio, msikitini na kanisani: leteni picha na kaseti za familia, tutazinakili bure, mtarudi na vyenu pamoja na nakala, na nakala nyingine itabaki maktaba, mkikubali. Alituchukua wawili, mimi kwa picha na Sumaili kwa sauti. Sumaili alikuwa amesomea umeme, alikuwa mwembamba kama waya wenyewe, na aliniita Prof tangu asubuhi ya kwanza, kwa sababu niliuliza ni nani atakayethibitisha kwamba picha hizo ni za hao wanaozileta.

Walikuja wengi kuliko tulivyotazamia. Wakristo kutoka mashambani walileta picha za ubatizo ndani ya majani ya migomba. Waislamu wa mjini walileta za harusi ndani ya masanduku yenye harufu ya udi. Picha nyingi zilikuwa zimefukiwa ardhini wakati wa vita, ndani ya vyungu, na zilitoka zimegandana mgongo kwa uso. Nilizitenganisha kwa uzi mwembamba na pumzi. Mwanzoni niligundua mwanamume mmoja mwenye koti la mistari ambaye alionekana katika familia nyingi mno, na nikaanza kumjengea nadharia ya ukoo mzima, mpaka bibi mmoja aliponicheka usoni: koti lilikuwa la mpiga picha, na kila kijana wa Kasongo wa enzi yake alilivaa kwa muda wa kupigwa picha, akalirudisha likiwa na jasho la mwenzake. "Hata mume wangu alioa mu koti ile," akasema. "Nilikuja kumuona bila koti, nikakuta hana mabega." Sal nzima, ukumbi wote, ilicheka. Leo, nikiwa ofisini Bukavu na mvua ikipiga dirisha, natamani kicheko kile kuliko chakula. Sikujua wakati ule kwamba nilikuwa na furaha. Nilidhani nasubiri kazi.

Lakini kaseti ndizo zilizotukalisha. Picha hunakiliwa mara moja. Kaseti haina njia ya mkato, lazima izunguke yote, na mwenyewe huketi na kuisikiliza mpaka mwisho. Sumaili alifungua skurubu, akabadilisha kipande cha sponji kilichooza, akakaza utepe kwa penseli, akasafisha kichwa cha mashine kwa pamba na spiriti, kisha akabonyeza, na wafu wakaanza kusalimia. Nyingi zilikuwa kaseti za matanga. Wakati njia zilipofungwa na vita, jamaa waliokuwa mbali hawakuweza kuja kulia, kwa hiyo matanga yaliwafuata. Mtu mmoja alishika redio ya kunasia sauti katikati ya ua, na waliofika walipita mmoja mmoja kusema: mimi fulani, nimefika, nimelia. Kulikuwa na utaratibu. Majirani walisema kwanza, kisha marafiki, kisha wakwe, na watoto wa marehemu walisema mwisho wa wote, kwa sababu wao ndio wenye msiba na mwenye msiba hamtangulii mgeni wake. Kaseti ikabebwa na wachuuzi wa baiskeli mpaka kwa yule aliyekosekana. Naye, akimaliza kuisikiliza, alibonyeza kitufe cha kunasa na kuongeza kilio chake mwishoni, ili siku itakaporudi nyumbani, watoto wote wa marehemu wawe pamoja, hata kama ni ndani ya plastiki. Niliuliza, kama kawaida yangu, ni nani aliyeweka utaratibu huo na kwa nini ufuatwe. Waliniangalia kama mtu aliyeuliza kwa nini chumvi inatiwa mboga.

Mama Mwamini alikuja bila kaseti. Alikuwa mama aliyeanza kuzeeka, aliyeuza mchele karibu na soko, mjane, mwenye kitambaa kilichofungwa kwa nguvu kana kwamba mawazo yangetoroka. "Kaseti ya mama yangu mnayo?" akauliza. Tulimwambia hatuna. "Basi ataileta mudogo yangu. Akiileta mutaniita. Musiisikilize bila mimi." Ikawa anapita kila siku kuuliza, na kwa kuwa hakupenda kuja mikono mitupu, alileta wali uliofungwa kwenye majani, maharagwe yaliyoelea katika mawese, wakati mwingine samaki wa Lualaba. Tulikula juu ya kaunta, karatasi imetandikwa, na katika kula huko nikaelewa habari. Mama yake alifia Kabambare katikati ya vita. Yeye alitembea kwa miguu kutoka Kasongo, kwa njia za porini, akafika matanga hayajavunjwa. Ndugu yake wa pekee, Saleh, alikuwa kambini ng'ambo ya ziwa, Kigoma. Kaseti ilimfikia huko. Sauti ya dada yake haikuwamo. Na tangu aliporudi, miaka yote hiyo, Mzee Saleh hakumwita tena Yaya, dada mkubwa. Alimwita "ule mama wa karibu na soko." Kila Idi alichinja na kupeleka nyama nyumba kwa nyumba, na sahani ilipita mbele ya mlango wa dada yake ikaenda kwa jirani.

"Na waliokuwa pale Kabambare?" niliuliza. "Si wanaweza kusema?"

"Wengine walikufa. Wengine wako Salamabila wanachimba dhahabu, wengine hatujui. Mume wangu alisema, akaambiwa anafunika kosa ya bibi yake. Mwalimu mwenye alishika redio naye alikufa." Akanisogezea samaki. "Kula, mutoto. Unauliza sana, mutu anauliza sana anasahau kutafuna."

Mzee Saleh alikubali kuileta kaseti kwa sababu moja tu: ilikuwa imeanza kulia kama paka. Aliingia biblioteki siku ya soko, mrefu, kofia nyeupe, kaseti imefungwa ndani ya leso na leso ndani ya mfuko wa shati. Alinisalimia, akamsalimia Sumaili, akamsalimia hata mwanafunzi aliyelala juu ya kitabu. Dada yake alikuwa ameketi pale pale kwenye benchi. Yeye hakumsalimia. "Vijana," akasema, "hii ndiyo kaburi ya mama yangu. Ile ingine sijaiona, nilipofika ilikuwa imeota majani na watu hawakukubaliana ni ipi. Hii ndiyo nilizikia. Mukiikata, mumenikata."

"Hatukati, Papa," Sumaili akasema. "Ikikatika, Prof huyu atailipia."

Sumaili akabonyeza. Kaseti ikaanza. Kwanza mvumo, kisha ua. Ninaposema ua, nina maana hiyo hasa: ulisikia kinu kikitwangwa, mlango wenye bawaba kavu, mbuzi, mtu akisema "sogeza mukeka," na Mama Mwamini akainuka nusu kutoka kwenye benchi. Nyumba ile ilichomwa baadaye. Hakuwa ameusikia mlango ule tangu wakati huo. Akauvuta mkono wangu, akasema kwa sauti ndogo, "Mulango ya mama," kisha mlango ukalia tena na yeye akafumba macho. Majirani wakapita. Mimi fulani, nimefika, nimelia. Marafiki wakapita. Wakwe wakapita, mmoja akaanza kueleza habari za mbuzi waliolipwa na ambao hawakulipwa, akanyamazishwa, na hata Mzee Saleh akatabasamu. Ilionekana anajua kila neno, midomo yake ilitangulia. Halafu sauti za watu zikaisha. Kinu. Kuku. Mlango. Muda mrefu redio ilikuwa inanasa ua usio na msemaji. Kisha klak, mvumo wa namna nyingine, na sauti ya mwanamume kijana ikilia, ikilia bila kujitaja, mpaka utepe ukaisha.

Sumaili akazima. Mzee Saleh alijifuta uso kwa leso ile ile. "Mumesikia wenyewe," akasema, akinitazama mimi, si dada yake. "Watu wote walisema. Mutoto wa mama hakusema."

"Nilisema," Mama Mwamini akasema. "Nilisema nyuma ya wakwe, namna inapaswa. Walikuja kuniita ndani, nilikuwa nafua nguo za mama, nikatoka na mikono ya maji."

"Kaseti haina sababu ya kunidanganya."

Nilimwuliza swali ambalo lingekuja kinywani mwa yeyote aliyefundishwa kushuku. Kile kimya, nikasema, baada ya wakwe. Papa alifanya nini aliposikia kile kimya mara ya kwanza?

"Nilifanya nini? Nilijua wamemaliza. Nilizima ili mawe ya redio, betri, yasiishe, nikaenda kutafuta mapya kambi nzima, na nilipoyapata nikalia yangu. Namna desturi inataka." Alisema kwa fahari kidogo, kama mtu anayesimulia jinsi alivyotimiza wajibu katika shida.

Nikafungua mdomo. Vidole vya Mama Mwamini vikanishika kifundo cha mkono, chini ya ukingo wa kaunta, vikabana mpaka nikahisi kucha. Nikamtazama. Alikuwa anamtazama ndugu yake kwa uso ambao sijawahi kuuona tena kwa mtu yeyote, uso wa aliyepata na kupoteza kwa dakika moja. Nikafunga mdomo. Sumaili alikuwa ameinama juu ya waya, na sikujua ameelewa nini. Mzee Saleh akakubali nakala moja ibaki maktaba, akafunga kaseti yake ndani ya leso, akatuaga sote isipokuwa mmoja, akaondoka.

Nilimfuata Mama Mwamini nyumbani nikiwa nachemka. Ndipo alipochukua ungo. Nikamwambia alichokwisha kukijua: alikuwa amesema, na redio ilikuwa imenasa, na sauti yake ilikuwa pale baada ya kimya, na ndugu yake hakungoja, alibonyeza akaifuta kwa kilio chake mwenyewe. Kila kitu kilikuwa wazi. Ilitosha kumweleza. Angemwita Yaya kabla jua halijazama.

"Ndiyo," akasema. "Angeniita."

"Sasa?"

"Sasa yeye atabaki na nini? Hukumusikia? Hana kaburi. Hakumubeba mama, hakumufunika udongo. Alilia mara moja tu, mu kaseti ile. Nimwambie kilio yako ndiyo ilinifuta? Kila akiisikia atasikia nini?" Akatikisa ungo. "Mimi mama nilimuosha kwa mikono hii. Mimi niko navyo vyote."

Nikasema haikuwa haki. Nikasema ukweli haujali nani analia. Nilisema mengi, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, na nakumbuka nilisimama. Hapo ndipo aliponiuliza kosa linakaa kwa nani, na mimi nikajibu inategemea. Aliniapisha nisimwambie mtu, kwa mchele uliokuwa mkononi mwake, kiapo ambacho mimi, nisiyeamini viapo, nimekishika mpaka alipozikwa. Kisha akapika, na tukala bugali na sombe ya majani ya muhogo, na akanisimulia mlango ule: jinsi baba yao alivyokataa kuupaka mafuta ili ajue nani anatoka usiku.

Alichotaka kwetu kilikuwa kidogo. Sumaili alimwekea nakala kwenye kadi, na kadi ndani ya redio ndogo ya Kichina, na nilipopita kwake mchana nilimkuta mara nyingi akichagua mboga huku ua wa Kabambare unalia kando yake. Hakuzima baada ya wakwe. Alingoja kimya kipite na kumsikiliza ndugu yake akimlilia mama yao, mpaka mwisho. "Tunalia pamoja," aliniambia siku moja, bila huzuni, kama anayetaja bei. Mimi niliyepinga kila kitu nilikaa naye na kusikiliza. Nilianza kuelewa kwamba kuna watu wanaotamani kitu kwa miaka, na kikiwekwa mkononi mwao wanakipima kwa mizani ambayo shuleni hatukuiona.

Muda mfupi kabla ya mvua kubwa, nilikuwa jikoni kwake nikimenya muhogo, mtu akabisha hodi uani. Nilitoka, nikamkuta Mzee Saleh, peke yake, na sahani iliyofunikwa kwa sahani. Haikuwa Idi. Haikuwa siku ya kitu chochote. Alitazama juu ya kichwa changu, kuelekea mlangoni, akasema, "Yaya yuko?"

Mama Mwamini alitoka na mikono ya maji. Hakupiga vigelegele, hakulia. Alisema, "Karibu, mudogo yangu, umekonda," naye akasema, "Ni bibi yangu, anapika kama anapikia ndege," na wakaingia ndani, na mimi nikabaki uani na muhogo wangu, nikijua kwamba nikisogea hatua moja nitaharibu. Tangu siku ile alikuja kila Ijumaa baada ya sala. Hawakuwahi kuzungumza juu ya kaseti mbele yangu. Nilijieleza kwa namna yangu: uzee unalegeza, watu huchoka kukasirika. Mama Mwamini alijieleza kwa namna yake: Mungu amemgeuza moyo. Kabla mwaka haujaisha nilipata kazi Bukavu, nikaondoka nyuma ya pikipiki nikiwa na mchele wake mgongoni, na sikugeuka kutazama, kwa sababu nilikuwa kijana na nilidhani vyumba hungoja watu.

Mzee Saleh alitangulia kufa. Sasa na dada yake. Pale matangani, nikiwa karibu na mlango wa jiko, mtu aliketi kando yangu, amenenepa, ndevu zina mvi. "Prof," akasema. Sumaili bado yuko maktaba. Sal imepigwa rangi, ordinateri ni tatu, kaseti zimekwisha mjini na mashine imefunikwa kitambaa. Tulizungumza juu ya koti la mistari, tukacheka kwa sauti iliyomfanya shangazi mmoja atugeukie. Nikamwambia jinsi nilivyoshika kiapo changu. Akaokota jani kwenye mkeka. Akasema naye alikuwa na chake, alichoapishwa na Mzee Saleh, na kwa kuwa wote wawili wamezikwa, kimeisha.

Asubuhi iliyofuata ile siku ya kusikiliza, nilipokuwa nimekwenda Nyangwe kuchukua picha za familia moja ya wavuvi, Mzee Saleh alirudi biblioteki peke yake. Alimwambia Sumaili kwamba jana alijisikia akieleza habari ya mawe ya redio, na alipofika nyumbani maneno yake yalikuwa yanamngoja. Aliomba kilio chake kiondolewe, ili asikie nani yuko chini yake. Sumaili alimweleza kwamba utepe si ukuta uliopakwa rangi. Kilichofutwa hakipo tena. Mzee akasema akiondoe hata hivyo. Nakala iliyoko maktaba, ile ambayo yeyote wa Kasongo anaweza kuomba kuisikiliza, haina sauti yake. Sumaili alitaka kuikata hapo ili iwe fupi. Mzee alimkataza, kwa hiyo baada ya wakwe, baada ya kinu na kuku na mlango, mashine inaendelea kuzunguka bila kitu, kwa urefu ule ule wa kilio alichokitoa, kwa sababu pale, alimwambia, ndipo Yaya aliposimama kusema.